Kipa wa Akiba Hachaguliwi kwa Kudaka

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, mkuu wa kituo cha vijana hakuniuliza nimechezea timu gani wala nina cheti gani. Alinitazama miguu. "Mpira unaupiga vizuri?" akauliza. Nikamjibu kwamba mimi ni kipa, kazi yangu ni kudaka. Akacheka. "Kudaka watadaka wao. Wewe utapiga." Nilikuwa nimetoka Nakuru nikidhani kocha wa makipa ni mtu wa kusimama kando ya goli na kuwasimulia vijana alivyokuwa hodari zamani. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimepiga mipira mpaka ukucha wa dole gumba ukageuka mweusi.

Nayaandika haya kwa sababu kila Ijumaa, pale kwa kinyozi katika mtaa wa Najma, vijana wetu walinzi na madereva wenye ndoto za ukocha hunizunguka na maswali yale yale. Nani alikuwa kipa bora? Nani alikuwa na mikono mikubwa? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu kipa wa akiba. Basi leo mtasikia kuhusu kipa wa akiba, mtake msitake.

Kutoka kituo cha vijana nilihamishiwa timu ya pili, na kocha wa makipa wa timu ya kwanza alipofungasha virago ghafla kurudi kwao, nikapandishwa kuchukua nafasi yake. Huko juu mambo ni mengine. Timu ya kulipwa huwa na makipa watatu. Wa kwanza hucheza, wa tatu ni kijana anayejifunza. Wa pili, yaani wa akiba, hukaa benchi na glavu mapajani, akiomba mwenzake asiumie, au akiomba aumie, kutegemea moyo wake. Lakini kazi yake kubwa watu hawaioni, kwa sababu huifanya wakati wao bado wanatafuta viti. Yeye ndiye humpasha moto kipa wa kwanza kabla ya mechi. Humpigia mipira laini ya kifuani ili mikono izoee, kisha ya chini pembeni mwa goli, kisha krosi, ile mipira ya juu inayotoka kwa mawinga. Zamani nilikuwa nikiifanya kazi hiyo mwenyewe. Goti langu lilipoharibika na daktari akanikataza kupiga mpira wa nguvu, ikawa yote ya kipa wa akiba.

Wetu aliitwa Hatimu. Alizaliwa Doha katika familia ya Waomani waliotokea Unguja, na bibi yake alimlea kwa Kiswahili. Siku ya kwanza aliponisikia nikiufokea mpira uliotoka nje, alinijia akicheka.

"Shikamoo, Mwalimu. Hicho Kiswahili ulichoutukania mpira umekiokota wapi?"

"Marahaba. Nakuru. Rudi golini."

Katika kudaka, Hatimu alikuwa wa kawaida, na sitamsifia kwa asichokuwa nacho. Lakini alikuwa na mguu, na alikuwa na macho. Kipa wetu wa kwanza, Nasser, alikuwa na kipaji kikubwa na woga mkubwa zaidi. Ukimfunga mara tatu katika kupasha moto, anaingia kwenye mechi akiwa ameshafungwa moyoni. Hatimu alilijua hilo bila kuambiwa. Mpira wake wa mwisho daima ulikuwa wa kudakika. Aliupiga kwa nguvu, wenye kelele, mashabiki wakaona hatari, kumbe unaelekea pale pale mikono ya Nasser ilipo. Nasser anaudaka, watu wanapiga makofi, anaenda zake kubadilisha jezi akitembea kifua mbele. Jaribuni kuupiga mpira wa namna hiyo mkiona ni kitu rahisi.

Mkataba wa Hatimu ulipokaribia kuisha, tulikuwa tumeletewa mkurugenzi mpya wa ufundi, yaani bwana anayeamua nani asajiliwe. Aliniita ofisini, kompyuta mbili mezani.

"Huyu kipa wako hakucheza mechi hata moja ya ligi msimu uliopita," akasema.

"Ni kipa wa akiba."

"Naelewa. Lakini hana takwimu."

"Angezipata wapi? Benchi?"

Hakucheka. Mimi pia sikuwa nikichekesha. Nilikuwa namfikiria Hatimu, miaka thelathini na mitatu, mke na watoto wawili shuleni. Kipa wa umri ule aliyekaa benchi miaka yote hiyo, nani atamchukua? Klabu yetu ikimwacha, mpira umemwisha. Nikaapa kwamba hataachwa, na wiki zilizofuata nikazunguka kama mtu aliyepoteza pasipoti.

Nilianzia kwa katibu wa klabu. Akaniambia, "Inshallah kheir, lakini Mwenyekiti anataka mtu mrefu." Mrefu wa nini, nikamuuliza, wa kukaa benchi? Akanimiminia chai. Nikaenda kwenye majlisi ya Mwenyekiti huko Lusail, sebule kubwa ambako wageni wake hukaa baada ya sala ya Magharibi na kuamua mambo yote ya klabu bila kuhudhuria mazoezi hata siku moja. Kila mzee pale alikuwa na kipa wake wa akiba. Mmoja alisema lazima awe anatumia mguu wa kushoto. Mwingine, muuza matairi, alisema mtoto wa shemeji yake anadaka vizuri sana ufukweni. Nilikaa nikila tende na kuitikia kwa kichwa mpaka shingo ikaniuma.

Kisha mkurugenzi akamleta kipa kijana aliyemchagua yeye, kwa majaribio. Alikuwa mrefu kweli, na kudaka alijua. Siku ya mechi ya kirafiki tukampa kazi ya kumpasha moto Nasser. Yule kijana akadhani anatafutiwa magoli. Akapiga kona ya juu, akafunga. Akapiga ya chini, akafunga. Kila akifunga, mkurugenzi anapiga makofi kule kwenye jukwaa. Nilimpigia kelele apunguze, naye akaniinulia dole gumba na kufunga tena. Nasser aliingia uwanjani uso umemwiva, na kabla watu hawajakaa vizuri akautema mpira mwepesi miguuni mwa mshambuliaji.

Nilimgeukia mkurugenzi, aliyekuwa ameshashuka hadi kando ya uwanja. Nikajua sasa ameona mwenyewe.

"Umeona?" akaniambia. "Hata kipa wa kwanza tumbadilishe."

Niliketi chini kwenye nyasi. Kweli niliketi, na wasaidizi wakadhani ni goti.

Ikabidi nimtume Nasser mwenyewe kwa Mwenyekiti, kwa kuwa ni mwana wa nchi na maneno yake yana uzito kuliko yangu. Akamwambia kwamba bila Hatimu hajiamini. Mwenyekiti akafikiri kidogo, akasema, "Khalas, mwandikieni mkataba." Wiki zote zile za kuzungushwa, zikamalizwa na neno moja.

Nilimwita Hatimu kwenye mgahawa wa chai ya karaki pale Najma. Nilimsimulia yote, majlisi, muuza matairi, dole gumba la yule kijana, na mwishoni nikamwambia mkataba wake uko tayari, miaka miwili. Nilisubiri anishukuru. Alikuwa akikizungusha kikombe mezani.

"Mwalimu, mie nshatia saini kwengine."

Akanitajia klabu ndogo ya daraja la pili. Nikamwambia timu ile ina mabeki wabovu, atafungwa kila wiki.

"Nifungwe. Lakini wanichezesha. Miaka yote hii nampigia mtu mipira adake. Sasa nataka nipigiwe mie."

"Na mbona hukuniambia, nikahangaika hivi?"

"Hukuniuliza, Mwalimu. Walikuuliza wewe, wakamuuliza Nasser, hata muuza matairi kaulizwa. Mie hakunijia mtu."

Nilikasirika. Nililipa chai nikaondoka bila kumuaga, na sitawadanganya, hasira yenyewe haijaisha yote.

Nilistaafu msimu uliofuata. Sasa naishi mtaa wa Al Mansoura, hapa hapa Doha, kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi na ananikataza kuifokea televisheni kwa sababu analala mchana. Nikitazama mechi siku hizi nawahi mapema, timu zikiwa bado zinapasha moto, na namwangalia yule mtu wa pili anayepiga mipira. Namchunguza usoni. Mnaotaka ukocha, mchunguzeni nanyi, na baada ya hapo mwende mkamuulize anataka nini, kwa sababu mimi katika miaka yangu yote nilijua kila kitu kuhusu mguu wa Hatimu na sikulijua hilo.

Mechi yake ya kwanza na klabu ile ndogo, Hatimu alinitumia ujumbe niende. Nilienda nimenuna. Uwanja ulikuwa nusu mtupu, joto limetukaba, na mabeki wake walikuwa wabovu kuliko nilivyomwambia. Alifungwa manne. La pili lilikuwa la aibu, mpira ambao ningeudaka mimi na goti langu hili, nikasimama na kufoka mpaka mzee wa karibu yangu akahama kiti.

Filimbi ya mwisho ilipolia alinijia mbio hadi kwenye uzio, jezi imeloa, magoti yamechubuka, anacheka kwa kinywa chote.

"Mwalimu, umen'ona?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu lile bao la pili. Nikamwambia nimemwona.