Senyong na Punje ya Bisi

Arsenio Batungbakal, ambaye kila mtu humwita Senyong, alipata kazi ya barafuni kwa sababu hakuanguka. Alikuwa ametoka kwao Bicol juzijuzi tu, anakaa kwa shangazi yake aliyeuza supu ya mifupa ghorofa ya chini ya jengo la maduka kule mjini Las Piñas. Hana kazi, anamaliza supu ya watu. Meneja wa uwanja wa barafu alikuwa anatafuta kijana. Akamvalisha viatu vya chuma, akamsukuma, akakunja mikono kutazama. Senyong akayumba kama mlevi mpaka ukuta wa pili, akageuka, akarudi bado amesimama.

"Kesho uje saa tatu," meneja akasema.

Akapewa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mifuko miwili na filimbi ya kuvaa shingoni. Kazi yenyewe ilikuwa kuinua walioanguka, kuwafukuza wavulana wanaokimbizana, na kuwasogezea watoto wale pengwini wa plastiki wanaowashikilia wakijifunza. Na kuokota. Uwanja uko katikati ya jengo, ghorofa tatu zimeuzunguka, na watu huegemea vyuma kule juu wakila huku wakicheka wanaoanguka. Kinacholiwa juu hudondoka chini. Mirija, chipsi, vijiti vya aiskrimu, na kuliko vyote bisi, zile za unga wa jibini zinazouzwa mlangoni mwa sinema ghorofa ya tatu.

"Punje ikiingia chini ya chuma cha kiatu, mtu anaenda chini kwa uso," meneja alimwambia siku ya kwanza. "Ukiiona, okota. Usifikiri, okota."

Senyong akaacha kufikiri. Aliokota akienda mbele, akaokota akirudi kinyumenyume, mwisho akawa anaokota mguu mmoja ukiwa hewani, punje inaingia mfukoni na yeye macho yako kwingine.

Huko kuinama ndiko kulikomvutia Mwalimu Teresing, mama mfupi mwenye sauti nzito aliyefundisha watoto wa mitaa ya nyumba zenye geti kucheza dansi ya barafuni. Alisimama siku moja akamwangalia mpaka wanafunzi wake wakaanza kunong'onezana.

"We kijana, nani amekufundisha kuinama hivyo bila kuanguka?"

"Bisi, mwalimu."

Mwalimu alicheka, na tangu siku hiyo akawa anamfundisha asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Walifanya mazoezi bila muziki wao, kwa kuwa spika za jengo zina bwana mmoja tu, naye akishaweka nyimbo za Krismasi mwezi wa tisa hazizimi mpaka Januari. Senyong alijifunza kuruka kwa kengele za Noeli, wakati wimbo wake halisi ulikuwa wa majonzi, wa zeze.

Watu wa nje husema ni rahisi kuwa bingwa wa taifa wa barafu katika nchi ambayo barafu inajulikana kwenye glasi. Kweli, kwa wanaume wakubwa ni rahisi. Mwaka wa kwanza Senyong alishindana peke yake akawa bingwa. Mwaka wa pili akawa bingwa tena, peke yake. Nyumbani Bicol mama yake, Nanay Pasing, alitundika medali ukutani karibu na sanamu ya Mtoto Yesu, na jirani akaja kuuliza zile za walioshindwa ziko wapi.

"Anashindana na nani hasa?" jirani akauliza.

"Na alama," Nanay Pasing akajibu, ingawa hakujua maana yake.

Maana yake ilikuwa hivi. Chama cha mchezo huo kiliweka alama za kufuzu. Anayezifikia anapelekwa kwenye mashindano ya Asia kaskazini mwa Japani. Asiyezifikia anabaki na medali yake na kizibao chake. Senyong alikuwa amezikosa mara zote, na kila mara kwa jambo la kipuuzi. Mwaka mmoja umeme ulikatika, barafu ikawa uji. Mwaka mwingine kamba ya kiatu ilikatika.

Boyet, mlinzi mwenzake wa barafuni, alimwuliza kama anataka kwenda Japani kuona theluji.

"Theluji ya nini? Nimeshiba baridi," Senyong alisema. "Nataka mtu wa kunishinda. Nitoke barafuni nikae pale benchini na mwenzangu, tusubiri alama wote, mmoja ahuzunike. Hata nikiwa mimi."

"We ni mgonjwa, kaka."

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Mwalimu Teresing alikuwa anahamia kwa binti yake Kanada baada ya Krismasi, na mwalimu mwingine wa bure hakuwepo. Mazoezini Senyong alikuwa anaufikia ule mruko wake mgumu wa mwisho, mizunguko miwili na nusu hewani, karibu kila asubuhi. Kwa mruko huo alama zilitimia. Bila huo, hazitimii. Mwalimu alimwambia hivyo wazi, tena mara nyingi, mpaka akamwomba asirudie.

Siku ya mashindano ratiba ilimweka asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa. Lakini watoto waliotangulia kushindana walikuwa wengi. Mama wa mtoto mmoja alilalamika kwamba muziki umeanza kabla binti yake hajasimama vizuri, ukaanzishwa upya. Mama mwingine akaona kumbe inawezekana, naye akalalamika. Vimetameta vya nguo vikapukutika, trekta la kulainisha barafu likaitwa mara mbili. Senyong amekaa pembeni na shati lake jeusi jipya, miguu inapoa, anasimama, anaruka papo hapo, anakaa tena.

"Nenda kaseme nao, mwalimu."

"Nimeshasema. Wanasema subiri."

"Nasubiri tangu lini?"

"Senyong. Usigombane na mimi, mimi ndiye niliye upande wako."

Milango ya jengo ikafunguliwa. Watu wakamiminika, wakaegemea vyuma kule juu kama kawaida yao, na mlangoni mwa sinema wakaanza kukaanga bisi. Nanay Pasing, aliyesafiri usiku kucha kwa basi na kuvaa makoti mawili ya kuazima, akanusa.

"Hawa wanakula nini asubuhi yote hii?"

"Bisi, mama," Boyet akasema.

"Badala ya wali?"

Ndipo Senyong akaitwa. Zeze likaanza. Na alicheza vizuri, hilo hata waamuzi baadaye hawakulikana. Mruko wa kwanza ukatua. Wa pili ukatua. Alipozunguka kama pia, watu wa juu wakaacha kutafuna. Boyet akamshika Nanay Pasing mkono bila kujua. Ukabaki ule mmoja. Senyong akachukua kasi kinyumenyume kuzunguka kona ya mbali, akageuka mbele ili aruke, na hapo akaiona, ya manjano, imekaa peke yake, hatua chache kushoto kwa njia yake. Hakuwa anaipitia. Angeruka, wala isingemgusa.

Akainama akaiokota.

Haikuchukua hata pumzi moja. Mkono ukaenda mfukoni, na mfuko haukuwepo. Shati la mashindano halina mfuko. Mkono ukapapasa ubavu mara mbili, ukarudi na punje yake. Kasi ilikuwa imekufa. Akajaribu kuruka hivyo hivyo, akazunguka mara moja tu hewani, akatua kama mtu anayeshuka ngazi. Alimaliza wimbo ngumi ya kulia imefungwa, na pozi lake la mwisho likawa la ngumi juu. Watu wa ghorofani wakashangilia, wakidhani ndiyo mtindo.

Mwalimu Teresing alikuwa ameshafika kwenye meza ya waamuzi. Mwamuzi mkuu, mama mmoja wa miwani aitwaye Lourdes Villacorta, alimwita Senyong.

"Kwa nini uliinama?"

Senyong akafungua ngumi. Bisi ilikuwa imeshageuka unga.

"Kulikuwa na hii, mama."

"Nimepuliza filimbi mimi?"

"Hapana, mama."

"Ungeniletea palepale, ningesimamisha muziki, tukasafisha, ukaendelea pale ulipoachia. Sheria iko hivyo. Umeokota mwenyewe, umeendelea mwenyewe. Sasa nifanye nini?"

"Kijana ni mlinzi wa hapa," Mwalimu Teresing akasema. "Ni mazoea ya kazi."

"Najua ni mlinzi. Amemwinua mjukuu wangu mara ngapi. Lakini mimi naandika mruko, Teresing. Siandiki mazoea."

Alama zikasomwa kwenye spika. Zilipungua kwa kidogo, na kile kidogo kilikuwa ndani kabisa ya ule mruko. Kisha wakamtangaza bingwa wa taifa. Akapanda jukwaa lenye ngazi tatu, akasimama ya juu, mbili za chini tupu, mpiga picha akimwomba asogee kushoto ili picha isionekane ina pengo.

Nanay Pasing alimshika mashavu. "Mwanangu, kwa nini hukuiacha?"

Senyong akajifuta unga wa bisi kwenye shati.

"Ungeila tu, kaka," Boyet akasema, kisha akaona uso wa mwenzake, akatazama viatu vyake.

Mwalimu Teresing alikuwa anakunja koti lake, analikunjua, analikunja tena. Mwishowe akampiga Senyong begani, pigo zito zaidi ya la kufariji, akaondoka kumtafuta mtoto mmoja aliyekuwa analia chooni.

Adhuhuri uwanja ulitakiwa ufunguliwe kwa wateja. Boyet alisema atashika zamu zote mbili, Senyong akakataa, afadhali kazi kuliko kukaa. Akavaa kizibao juu ya lile shati jeusi. Watu wakajaa, pengwini wakatoka, kengele za Noeli zikarudi kwenye spika.

Mzunguko wa kwanza tu akaiona nyingine, katikati ya njia ya watu, nono, ina jibini. Mgongo ukaanza kuinama. Akauzuia. Akaipita, meno ameyauma, akaenda zake polepole kuzunguka uwanja mzima huku masikio yakisubiri kishindo. Watoto wakapita pale. Wavulana wakapita wakikimbizana. Mzee mmoja mnene akapita akiwa ameshikana mkono na mkewe.

Aliporudi alikuta ipo, imepondwa bapa kama muhuri, ina mikwaruzo ya vyuma vingi. Hakuna aliyeanguka.

Senyong akasimama juu yake. Kijana mmoja nyuma akamwambia, "Kaka, umeziba njia." Senyong akapiga magoti, akaanza kuibandua kwa ukucha.