Injini ya Kuchanganya

Mimi nakata tiketi kivukoni, na kazi hiyo inanionyesha mengi ambayo ningependa yanipite. Lakini lile la Bi Mchanganyo bado linanipandisha hasira, na asije mtu akaniambia nisahau.

Jina hilo tulimpa sisi wa kivukoni. Boti ya wakwe zake ilikuwa na injini ya tustroki, ile ambayo oili unaichanganya na petroli kabla ya kuitia, la sivyo inajisaga yenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa akichanganya. Anapima oili kwa kikombe chake cha bati, anaimimina kwenye dumu la petroli, kisha analikumbatia dumu na kulitikisa huku akilisemesha: "Haya baba, kolea, watu wanangoja." Oili ikizidi, abiria wanakohoa moshi njia nzima, ikipungua, kwaheri injini. Yeye hakukosea hata siku moja.

Alikuwa mjane wa kaka mkubwa, hana mbele wala nyuma. Mumewe alipofariki, mdogo mtu, tuliyemwita Kapteni kwa kupenda kuamrisha hata kuku, alimwambia bila kuuma maneno: chumba cha nyuma, kando ya stoo ya mafuta, ni cha mchanganyaji. Ukichanganya, unalala. Usipochanganya, utajijua. Mama mkwe naye akatia neno lake: "Huyu hatoki humu mpaka achague mwenyewe." Neno hilo lilimkaa Kapteni kooni, maana alitaka kumtoa.

Injini ilipochoka kabisa, familia ikakaa barazani kuchagua nyingine. Mimi niliitwa nieleze abiria wanalalamikia nini. Muuza injini akaanza kuisifu fostroki: haina kelele, haitoi moshi, petroli inakunywa kwa adabu. Tena oili yake inakaa pembeni, haichanganywi.

Nilimtazama Bi Mchanganyo. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Shemeji," Kapteni akamgeukia kwa sauti laini ambayo hatukuizoea, "wewe ndiye mwenye mafuta. Unasemaje?"

Masikini, alikuwa amejiandaa! Alishamzungukia fundi wiki nzima akiuliza. Akasimama, akashika ncha ya kanga yake. "Mimi nasema tustroki, shemeji. Fostroki ni nzito, ikiharibika fundi wetu haijui. Tustroki wanaume wawili wanaibeba jioni hadi ndani, mwizi haipati. Na fostroki ukiilaza vibaya oili inaingia kusikotakiwa. Hii ilaze upande wowote, haina neno."

"Endelea, endelea," Kapteni alisema, huku akimkonyeza mkewe. Mke akaziba mdomo kwa kiganja. Nilikiona kile kicheko, nikadhani wanamcheka kwa vile kila mtu alijua anatetea kitanda chake.

"Kwa hiyo umechagua tustroki? Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

"Mama umesikia? Asije mtu akasema nilimlazimisha."

"Nimesikia," akasema mama mkwe, na akafurahi kweli, maana alidhani mwanawe ameanza kuwa na utu.

Siku ya kuifunga injini mpya, Bi Mchanganyo alikuja mbio kivukoni na dumu lake kichwani, limeshatikiswa tayari. Kikombe alikuwa amekisugua kwa mchanga hadi kinang'aa. Akanitania, "Dada, leo hukohoi, nimepima kwa jicho la bibi harusi!" Tukacheka wote wawili.

Kapteni akamwonyesha tangi dogo jeusi lililokuwa limekaa karibu na ile injini, lina mfuniko wake.

"Unaona hapa, shemeji? Oili unaimwaga humu. Petroli kule. Inajichanganyia yenyewe. Siku hizi zipo."

"Lakini ni tustroki," akasema.

"Tustroki kabisa. Ile uliyoichagua."

Jamani! Kumbe alishaiagiza hata kabla ya kikao. Fundi akainamia spana zake akijifanya hasikii. Dumu bado lilikuwa kichwani kwa yule mama, na hakuna aliyenyoosha mkono kumtua. Nilimtua mimi, naye akabaki amekishika kikombe chake.

Jioni, boti ilipofunga kazi, Kapteni na fundi waliinyanyua injini na kuipeleka nyumbani ili isiibiwe. Niliwafuata pamoja na Bi Mchanganyo kwa sababu nilitaka mama mkwe aseme kitu. Alikuwa barazani anachambua mchele. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kisha akamwambia, "Si ulichagua mwenyewe, mwanangu? Mimi nitasemaje tena?" Akarudisha macho kwenye ungo.

Wanaume hawakusimama kwenye stoo. Walipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma.

"Shemeji, tufungulie. Mchanganyaji mpya huyu, mzigo unatuumiza."

Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kanga. Alihangaika na lile fundo, Kapteni akisonya, hadi likafunguka. Ndani palikuwa na kitanda, sanduku na viatu vya marehemu vilivyopangwa ukutani. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye mashimo, na Kapteni hakutaka rangi ya injini ikwaruzike. Wakaiinua juu ya kitanda.

"Tuilaze upande gani?" fundi akauliza, bila kuthubutu kumtazama mwenye kitanda.

Bi Mchanganyo alivuta shuka lake lisichafuke, akalikunja kifuani.

"Upande wowote," akasema. "Haina neno."