Meza Iliyopigwa Randa

Alishuka kwenye basi katika mji asioujua, akauliza njia mara tatu hadi akafika karakana ya mdogo wake, seremala. Alikuwa amefuata meza ya kushonea ya marehemu mama yao, aliyoirithi kwa kuwa naye ni fundi cherehani. Aliikuta inang'aa. Akapapasa upande wa kushoto, akamgeukia mdogo wake.

"Bonde la kiwiko cha mama liko wapi?"

"Nimepiga randa, dada. Kitambaa kilikuwa kinakwama pale. Sasa hata ukiweka yai halibingiriki."

"Miaka thelathini mama aliegemea pale akishona ili sisi tusome."

"Mimi niliona ubao umelika."

"Wewe hata ukipewa mwezi utauliza umepigwa misumari mingapi."

"Na wewe ukipewa msumari utauona mwezi," akajibu, naye sasa amekasirika. "Wiki nzima nimeihangaikia. Hata asante?"

 Dada alipiga magoti, akazoa maranda ya ubao ule yaliyokuwa bado chini ya meza, akayafunga kwenye mtandio wake.

"Hayo ni ya kuwashia moto, dada."

"Basi kaa na meza yako."

Akatoka na furushi lake. Seremala akabaki, akaegemeza kiwiko mezani. Kikateleza.