Kope la Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya alikuwa na mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa kazini kwenye kinanda. Kwa hiyo aliongoza kwa macho. Akikonyeza jicho la kulia, wanaume wanaingia. Akikonyeza la kushoto, wanawake. Mgeni angedhani mzee mzima anatongoza kwaya nzima, lakini waimbaji walishazoea.

Mambo yaliharibika wiki ambayo mkewe alipewa solo, kipande cha kuimba peke yake. Miaka kumi na minane alikuwa ameimba alto nyuma ya migongo ya watu, na sasa angesimama mbele kwa mara ya kwanza. Mwalimu, kwa kutaka wimbo uwe wa kukumbukwa, akawa halali vizuri na anakunywa kahawa kikombe juu ya kikombe. Jumatatu kope lake la kushoto likaanza kucheza lenyewe.

Mazoezini mkewe akaingia kabla ya wakati. Wakarudia, akaingia tena waimbaji wa besi wakiwa katikati ya neno. Mara ya tatu mtu akacheka kwa nyuma.

"Subiri nikuashirie," Mwalimu akasema, kwa ukali wa mtu anayejua kosa ni lake.

"Si umenikonyeza?"

"Sijakukonyeza."

Alijua fika kilichotokea. Ila miaka yote alijisifu kwamba macho yake hayakosei, na kiburi ni kigumu kumeza, basi akakaa kimya. Akakaa kimya hata nyumbani, mkewe alipoikunja sare ya kwaya na kuirudisha kabatini. "Mpeni mwingine," mkewe alisema. "Mimi si mtu wa mbele." Hapo Mwalimu aliona aibu hasa.

Kesho yake alikwenda zahanati. Muuguzi akalichunguza kope, kisha akauliza anakunywa kahawa vikombe vingapi kwa siku. Mwalimu akasema viwili. Muuguzi akamtazama tu, mpaka mwenyewe akasema saba.

"Limechoka, baba, ndiyo maana linacheza. Punguza kahawa, lala vya kutosha. Fumba macho uweke kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, na usilifikiche. Likiendelea wiki kadhaa, au likivimba na kuwa jekundu, au jicho likijifunga lenyewe, au shavu nalo likianza kucheza, uje umwone daktari."

"Litakuwa limeacha kufikia Jumapili?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

Jumamosi Mwalimu akasimama mbele ya kwaya. "Anayekosea ni mimi," akasema. "Kope langu linacheza, nami nimemwacha mke wangu abebe aibu yangu."

"Kumbe," akasema soprano mmoja. "Mimi nilishamwambia mume wangu kwamba unanikonyeza."

Kwaya ikavunjika mbavu. Mkewe hakucheka.

"Siku zote hizi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mkewe akasogea mbele. "Basi kesho ufumbe macho yote mawili. Nitaingia mwenyewe, na hawa watanifuata mimi."

Jumapili Mwalimu akafumba macho na kuanza kupiga. Pale ambapo angemkonyeza pakapita, mkewe bado hajaingia. Mwalimu akarudia kipande kile kile, akarudia tena. Kope likacheza lilivyotaka, na hakuna aliyelitazama. Ndipo mkewe akaingia, taratibu kuliko wimbo ulivyoandikwa, kwa sauti ambayo kwa miaka kumi na minane alikuwa ameiweka nyuma ya migongo ya watu. Mwalimu akapunguza mwendo wa vidole, akamfuata.