Mwaka Mama Alipouza Pombe ya Kulimia

Sisi tuliokulia Sitalike kabla minara ya simu haijafika tulikuwa na hesabu zetu za kilimo, na zilikuwa mbovu kama za vijana wa leo, tofauti ni kwamba zetu zilitutoa jasho. Mtoto wa kaka yangu, kijana ambaye hajawahi kuota lengelenge mkononi, majuzi alinionyesha kwenye simu ekari moja ya matikiti maji. Ukitoa mbegu, ukitoa dawa, ukitoa vibarua, kinachobaki kinatosha kununua gari. Nikamuuliza hilo shamba liko wapi nikalione. Akaniambia, "Shangazi, hii ni plani tu." Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana nilimkumbuka marehemu baba yangu, ambaye plani zake alizichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko.

Baba alikuwa mkulima wa imani moja, nayo ni kwamba faida ya kilimo ni ukubwa wa shamba. "Nyie mmeshamwona mwenye ekari mbili akanunua baiskeli?" alikuwa akituuliza tukiwa tunakula, nasi tunaitikia hapana. Kusema kweli tulikuwa tumemwona. Jirani yetu mmoja alilima kijipande cha vitunguu bondeni, upana wa uwanja wa rede, na baiskeli alikuwa nazo mbili. Lakini baba alisema yule ana dawa zake, na kwa kuwa hatukutaka kuzungumzia dawa za watu usiku, mjadala uliishia hapo.

Miaka ile ya tisini, mtoto wa kwetu alikwenda shule na jembe begani kama vile wa leo anavyokwenda na begi. Asubuhi tulilima shamba la shule, tukaimba hesabu za kuzidisha, saa nane tukarudi nyumbani tukakuta ugali wa moto na mgebuka mkavu kutoka ziwani Tanganyika, ule ambao harufu yake unaipata ukiwa bado barabarani. Baada ya hapo tulikwenda kuwinga, yaani kufukuza nyani wasile mahindi. Jamani, nyani wa Sitalike walikuwa na dharau. Mwanamume akitokea wanakimbia. Akitokea msichana wanamtazama tu, wanaendelea kuchagua hindi lililokomaa. Ilibidi nivae koti la baba na kofia yake ya pama, niseme kwa sauti nzito, na hata hivyo nyani mkubwa mmoja alikuwa ananisogelea kuhakikisha. Kwenye ule ukuta wa jiko, baba hakuwahi kuandika fungu la nyani.

Wala hakuandika pombe, na pombe ndiyo iliyotumaliza.

Kwetu shamba kubwa halikulimwa na familia peke yake. Ulikuwa unaita watu. Mama anapika pombe ya mahindi, habari inapita kijijini kwamba Jumamosi kwa fulani kuna pombe ya kulimia, watu wanakuja na majembe alfajiri, wanalima wakiimba, jua likipanda wanakaa kivulini wanakunywa mpaka pipa lionekane chini. Hakuna anayelipwa. Kesho wewe unakwenda kwa mwenzako. Baba aliuita utaratibu huu "kazi ya bure", na alikuwa anasema hivyo akitazama watu ishirini wakiwa shambani kwake huku uso wake unang'aa kama wa bwana harusi.

Mimi nilikuwa naiona hiyo bure ilikotoka. Wiki nzima kabla ya siku ya kulima, mama alikuwa anachota mahindi ghalani, analoweka, anaotesha kimea, anakianika, tunakitwanga mimi na yeye, anachemsha mapipa kwa kuni nilizobeba mimi. Raha yangu ilikuwa togwa, ule uji mtamu kabla haujawa pombe, ambao nilikuwa nauonja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Na siku yenyewe ikifika, niliona pia nani analima na nani anakunywa, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka maji.

Hapa ndipo ninapomtaja baba mdogo Kasunga, mdogo wake baba wa tumbo moja. Baba mdogo alikuwa na jembe lililodumu kuwa jipya kwa miaka minne. Alifika wa kwanza, akasalimia kila mtu, akaanzisha wimbo kwa sauti nzuri kweli, akalima matuta mawili yaliyopinda kama njia ya mbuzi, kisha akaenda kukagua kama pombe imeiva. Ukaguzi wake ulichukua siku nzima. Nyuma yake walikuwapo wengine watano au sita wa namna hiyo, na hakuna aliyewasema, maana pombe ya kulimia humnyimi mtu aliyekuja na jembe, liwe limegusa udongo au halikugusa.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu mkuu alimwambia baba kwamba huyu binti wako akifanya mchezo atafaulu, na asipofanya mchezo atafaulu zaidi. Miaka hiyo, kijiji kizima kinaweza kukaa misimu kadhaa bila mtoto hata mmoja kwenda sekondari. Baba akarudi nyumbani akachukua mkaa. Sekondari inataka ada, godoro, sanduku la bati, ndoo, viatu, sare mbili. Akafikiri kidogo, akapandisha shamba kutoka ekari mbili hadi tano. Mama akamuuliza watu wa kulima ekari tano watakunywa nini. Baba akajibu, "Wewe pika tu, mahindi si yapo?"

Basi mama akapika. Tuliita watu mara tano msimu ule. Ekari tano zililimwa kwa nyimbo, zikapandwa kwa furaha, na zikaota majani kwa nguvu, kwa kuwa wakati wa palizi mapipa yalikuwa yameisha na watu wakawa na dharura zao. Nyani walikula upande wa mtoni. Tulivuna magunia kumi na manne, baba akapiga mluzi. Halafu mama, bila kugombana na mtu, akayapanga ukutani: haya ya kula mpaka mwakani, haya ya mbegu na ya wageni, haya manne ni ya pombe ya kulima tena. Yakabaki mawili. Mnunuzi alikuja na lori na debe lake alilolipiga nyundo mpaka likatoka kitambi, na kwa debe lile magunia mawili yakawa moja na kitu. Godoro halikupatikana, hata foronya.

Nilikaa nyuma ya jiko nikalia. Nilikuwa nimeanza kujiona na sare, na sasa niliona nitaolewa na mmoja wa wale wanaokagua pombe.

Baba akapona haraka. Akatangaza kwamba kosa ni moja tu, tumelima ekari chache, na msimu unaokuja tutalima nane. Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Baba Kalunde," akasema, akimwita kwa jina langu, "msimu unaokuja nalima tatu, na pombe yangu nauza."

Ni vigumu kumweleza mtu wa leo uzito wa maneno hayo. Pombe ya kuuza ilikuwapo, wanawake wengi waliuza kwenye vilabu na hakuna aliyeshangaa. Lakini pombe ya kulimia haikuuzwa. Ilikuwa sawa na kumkaribisha mgeni chakula kisha umletee bei. Baba aliwasha redio akaifungua sauti mpaka mwisho, na ikabaki hivyo siku tatu, mpaka betri zikaisha.

Mwezi wa kumi na moja, nikiwa nimeshafanya mtihani na nasubiri majibu, mama alichukua yale mahindi ya pombe akapika pipa moja, akalipeleka mnadani siku ambayo ndugu zetu Wasukuma wanaleta ng'ombe. Wafugaji wakishauza ng'ombe wana kiu na wana fedha, vitu viwili ambavyo watu wa kijiji chetu walikuwa hawajawahi kuwa navyo kwa pamoja. Pipa liliisha kabla ya saa nane. Mama akapika pipa la pili, na kwa fedha za lile la kwanza akaita watu kulima.

Walikuja kama kawaida, majembe begani, wengine na vibuyu kabisa. Mama akasimama mbele yao na kamba mkononi. Akasema shamba amelipima kwa ngwe, kila ngwe ina malipo yake taslimu, ukimaliza unapokea. Pombe ipo pale kivulini, kopo lina bei, hata asiyelima anakaribishwa. Watu wakatazamana. Vijana wakavua mashati wakaingia kwenye ngwe bila hata wimbo. Wale wakaguzi wakabaki wamesimama na majembe yao mapya.

Baba mdogo Kasunga ndiye aliyesema. Alikuwa amevaa vizuri siku ile. "Shemeji," akamwambia mama taratibu, "leo umepima udugu kwa kopo." Akageuza jembe begani akaondoka. Hakukanyaga kwetu tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Mama alibaki anakunja kamba na kuikunjua.

Lakini ngwe zililimwa. Tena matuta yalinyooka. Na ilipofika saa kumi, ule utamu wa hesabu ambao baba hakuwahi kuuchora ukutani ukajitokeza wenyewe. Kulikuwa na noti moja ya mia mbili iliyopasuka, imeunganishwa kwa karatasi ya daftari langu. Saa tano mama alimlipa kijana mmoja noti ile. Saa tisa ilirudi kwa makopo ya pombe. Saa kumi akamlipa nayo mwingine. Jioni nikaiona tena ndani ya kanga ya mama, imechoka na inanuka kimea. Baba, ambaye alikuwa amejifungia ndani kwa aibu, alikuwa anachungulia dirishani. Usiku akamuuliza mama, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za majirani, kama kuna pipa jingine linaloiva.

Ekari tatu zilipaliliwa mara mbili, kwa sababu fedha ya palizi ilikuwapo. Majibu yalipotoka, nilikuwa nimefaulu. Godoro lilinunuliwa Mpanda mjini, likafungwa juu ya basi, na baba akasimama barabarani akiwaambia wapita njia kwamba kilimo bila plani ni kupoteza muda.

Ningeweza kuishia hapo, na mtoto wa kaka yangu angefurahi sana, maana angepata somo la kupeleka kwenye kundi lake la simu. Lakini nilipokuwa kidato cha pili, katikati ya mvua, baba aliugua kifua akalazwa Mpanda. Mama akahamia wodini kumuuguza. Fedha ya pombe ikaenda kwenye dawa, ya ada ikafuata. Shamba likabaki na majani yanayofika kiunoni. Mama akanitumia barua ya mistari mitatu: nirudi, nilime, habari za shule tutaongea baadaye. Nilijua hilo baadaye maana yake ni nini. Nilifunga sanduku nikiwa nimeshaaga hata madawati.

Nilishuka basi Sitalike saa nne asubuhi nikaenda moja kwa moja shambani, nikasikia wimbo kabla sijaona mtu. Baba mdogo Kasunga alikuwa kwenye tuta la katikati, shati limelowa limemganda mgongoni, na nyuma yake watu kumi na mmoja. Hapakuwa na pipa. Hapakuwa na kopo wala kamba. Wale wakaguzi wote walikuwapo, wanapalilia. Nilipomsalimia nikamwambia mama hana kitu cha kuwapa, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani kakuomba?" akasema. "Kaka amelala hospitali, majani hayalali. Kesho tunamaliza. Wewe mtoto rudi shule, huku tunakuona unatuziba njia."

Nikarudi shule, na ada ililipwa kwa mavuno ya shamba lile. Baba akapona, akaishi miaka mingine mingi, na mama alipotoka hospitali alimpikia shemeji yake pipa zima, akalipeleka mwenyewe kwa kichwa, ndoo baada ya ndoo, na hakuchukua hata senti. Nimesoma kwa sababu mama aliacha kugawa pombe, na nimesoma kwa sababu baba mdogo alikataa kulipwa. Nimejaribu mara nyingi kuyaweka haya mawili kwenye hesabu moja, na mpaka leo hayakai.

Siku hizi nalima ekari kumi na mbili karibu na Mpanda. Nina mbegu bora, dawa ya magugu, na kijana wa trekta mwenye vidude masikioni anayelima siku moja kazi ambayo ingemaliza mapipa sita. Faida ipo, siwezi kuikana. Naiandika kwenye daftari na inaonekana. Mwaka jana, mvua zikiwa zinaanza, nilivunjika mguu bafuni nikalazwa wiki tatu. Nikiwa kitandani simu ikalia, nikaona ni yule kijana, moyo ukafurahi. Akasema, "Mama, shikamoo, naona hujatuma ya mafuta." Nikatuma. Ekari zote kumi na mbili zililimwa Jumamosi hiyo, zikanyooka vizuri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenye shamba yuko wapi.