Kindiketi Kimoja, Vindiketi Vingi

Enzi zetu, wenzangu wa darasa la sita kule upande wa Hewani, Kiingereza kilikuja neno moja kila asubuhi. Mwalimu Komora aliliandika ubaoni kwa kipande cha chaki kisichozidi ukucha, na siku nzima hukuruhusiwa hata kwenda chooni mpaka ulitumie. Mnakumbuka. Siku hizi nimechoka, magoti yananisumbua na vumbi la Garsen limenikaa kifuani, lakini yale maneno bado ninayo.

Mtoto wa leo ukimwambia akaamie ndege wasile mpunga, anakuuliza kwanza kama huko kuna mtandao. Sisi tulipanda juu ya dungu, kile kilingo cha mlinzi shambani, tukiwa na kombeo na debe bovu, tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Mama alituonya kila siku kuhusu mamba, na kila siku tukaoga palepale alipotukataza. Tukirudi nyumbani macho mekundu, alisema, "Maji ya mto hayana siri," kisha akatupa kambare na ugali tukala hadi tukalala tulipokaa.

Mwenzangu wa dawati alikuwa Dahabo, msichana pekee wa Kiorma darasani mwetu. Alikuja na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, mimi nikaja na ndizi za kuchoma, tukabadilishana nyuma ya darasa kama watu wazima. Hesabu alitushinda sote, hata wale wavulana waliojiona. Maziwa ya pakiti ya siku hizi hata harufu ile hayana.

Shule ilikuwa na shamba la mahindi kando ya malka, ile njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni. Lilizungushiwa ua wa miiba, na kilango chake kilizibwa kwa tawi la miiba vilevile. Tulililinda kwa zamu, wawili wawili, maana nyani wa msituni hawakuwa na haya. Siku ninayoisema ilikuwa zamu yangu na Dahabo. Mchana akaenda kutuchotea maji ya kunywa, akaniacha dunguni, na kilango akakiziba vizuri.

Nikiwa juu kule nikaona makoma, yale matunda matamu ya mikoma, yameanguka ng'ambo ya malka. Nilishuka, nikalivuta tawi, nikakimbia kuyaokota. Tawi sikulirudisha. Niliporudi na makoma yangu kwenye sketi, Dahabo alikuwa katikati ya mahindi akifukuza ndama, na ndama wenyewe ni wa baba yake. Nusu ya shamba ilikuwa mabua. Shule nzima ilikuwa imetoka inamtazama.

Dahabo alisema alikiziba kilango. Hakuna aliyemsikiliza, maana ndama ni wa kwao. Mmoja wenu alisema kikulacho ki nguoni mwako, na wote mkaitikia. Hata mimi niliitikia.

Baba yake aliitwa, akakalishwa kwenye benchi mbele ya walimu na wazazi. Aliomba radhi, akasema binti asiyeweza kuchunga ndama hata kitabu hataweza, akamshika mkono wakaondoka. Dahabo hakurudi tena shuleni.

Wiki iliyofuata neno la ubaoni likawa vindicate. Mwalimu alitueleza kwa subira. Alisema ni kumtoa mtu lawama, tena si chumbani, bali mbele ya walewale waliomlaumu. Akaongeza kwamba hutumika pia mtu akisema jambo akabishiwa, kisha siku zikaja kumpa haki, kama mzee anayewaambia msijenge hapa, na mto ukarudia njia yake ya zamani ukapita palepale. Kisha akataka sentensi. Nafasi ya Dahabo kwenye dawati ilikuwa tupu, na niliona kama Mwalimu ananitazama mimi.

Nilisimama. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, yenye jina la Dahabo ndani yake. Nikasema, "Mwalimu, kama vindiketi ni vingi, kimoja kinaitwa kindiketi?"

Mlicheka hadi mkashika mbavu. Mwalimu naye alicheka, akageuka kufuta ubao. Tangu siku ile mkaniita Kindiketi, na hadi leo kwenye kundi letu la simu mnanisalimu hivyo. Mimi pia nilicheka, nikakaa chini, nikaona nimepona.

Dahabo anauza maziwa soko la Garsen. Miaka miwili nimenunua kwake, tukiongea habari ya mvua na magoti, na kila mara nikarudi nyumbani na neno langu. Mwezi uliopita nilichoka kulibeba, nikamwambia yote. Alifunika jerikeni lake, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mimi najua mlango nilifunga," alisema. "Hiyo si habari kwangu. Baba alikufa akisema mimi ni mzembe. Na hiyo darasa iko wapi sasa?"

Nikamwambia shule ya zamani ilichukuliwa na mafuriko, Mwalimu alishazikwa, na tuliobaki tunasalimiana kwenye simu. Akauliza kama yeye yumo. Nilimjibu kwa aibu kwamba kundi ni la waliomaliza. Akanipimia maziwa yangu kwanza.

"Basi sema huko, Rehema," alisema. "Halafu kuja unisomee."

Vijana wa leo tunawacheka kwamba wanajitetea kwenye simu kabla hata ya kushtakiwa. Afadhali wao. Sisi tulikuwa na sauti za kufukuza nyani waliokuwa ng'ambo ya mto, na sentensi moja fupi ikatushinda. Sasa sauti imekwisha, na wa kusikia wamebaki wachache.

Naiandika kwa Kiswahili, Kiingereza kimenichosha. Dahabo alikiziba kilango. Aliyekiacha wazi ni mimi. Jumamosi nakwenda sokoni na simu nimsomee majibu yenu, na safari hii nawaomba msicheke.