Kiti cha Pili Chumbani kwa Mama Macho

Ofisini tulimwita Mama Macho, na alistahili. Tangu mumewe afariki, alibaki peke yake kule ghorofani kwenye chumba cha darubini, akilitazama jua kupitia kioo chekundu. Viti vilikuwa viwili. Cha marehemu hakikukaliwa na mtu. Hata mimi, fundi wake wa mitambo, nilisimama wima kama mdai.

Kazi yake ilikuwa nyuzi. Juu ya jua hutanda nyuzi za gesi, nyeusi kwa kuwa zimepoa kuliko jua lenyewe, zikishikiliwa na nguvu za sumaku. Uzi waweza kukaa wiki nzima umetulia tuli. Halafu unavimba, unainuka polepole, unatikisika, na baada ya saa chache unafyatuka kwenda angani. Wenye setilaiti, wakihofia mlipuko huo kuziharibu, walimpigia yeye kuuliza. Bosi akimbembeleza akisie, wapi! "Sijaona, sisemi," basi, kwisha habari.

Mwanawe wa pekee, kinyozi upande wa pili wa mji, alimwahidi zamani: "Mama, uzi ukianza kutikisika niite, tuuone pamoja." Asubuhi ile, uzi mrefu kupita zote alizowahi kuziona ukaanza kutikisika. Akapiga simu.

"Naja, mama. Namalizia kichwa kimoja tu."

Vinyozi na kichwa kimoja chao! Mama Macho akakifuta vumbi kiti cha pili. Akachungulia darubini, akachungulia dirisha. Uzi ulizidi kupanda, barabara tupu. Ngojangoja huumiza matumbo. Mwishowe, mwanamke aliyenikataza hata kupepesa macho kazini aliacha zamu, akashuka hadi getini, akasimama kwenye jua kali bila mtandio. Nami nikawa dirishani, namtazama yeye. Iliniuma sana.

Tuliporudi kwenye darubini, uso wa jua ulikuwa mtupu. Nikamwambia kamera imenasa kila kitu.

Simu ikalia.

"Mama, nisamehe, wateja wamejaa. Nimeshachelewa, sivyo? Basi nitakuja siku nyingine."

Alikitazama kile kiti, kisha akanipa mgongo.

"Hujachelewa, mwanangu," akasema. "Uzi bado upo, naona unatikisika. Njoo tu."